Betri Moja Mpya Kati ya Tatu Kongwe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, yaani mdogo wa mkewe, niwasomee maisha yake, na msishangae kwa nini hakuchaguliwa mtu aliyempenda zaidi, marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, na sababu mtaisikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Chaji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la kuchaji betri la baba yake, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme tarehe 30 Novemba 1968 akiwa wa kwanza darasani, jambo ambalo hakuacha kulitaja hata kwa watu waliomuuliza tu ni saa ngapi.

Kuanzia Januari 1969 hadi Juni 2004 alifanya kazi katika karakana ya bandarini, banda la tatu upande wa kreni, akifunga nyaya, betri na baadaye paneli za sola kwenye mashua za matanga za safari ndefu, na kwa miaka thelathini na mitano aliwadharau wateja wake wote bila kubagua. Mwenye mashua aliyesema jua ni la bure alichekwa mpaka akaondoka, aliyewasha taa mbili kwa wakati mmoja aliitwa bwana harusi, na aliyechanganya betri mpya na za zamani hakujibiwa hata salamu, kwa kuwa betri zilizochoka huinyonya ile mpya mpaka zote zikalala, na mtu asiyejua hilo, alisema marehemu, akafuge kuku.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na dada yetu, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakifanya kazi za shule dirishani, kwa sababu taa ya mezani haikuwashwa mpaka baba aridhike kwamba giza limeingia kweli. Mwaka 1998 mkewe alipatikana na ugonjwa wa sukari, akaanza kujidunga sindano za dawa ambayo ikipata joto inaharibika.

Tarehe 12 Septemba 2004 yeye na mkewe walihamia kwenye mashua yao ya mita kumi na moja, wakasafiri miaka sita, na humo ndani marehemu akawa mkono wa birika wa umeme, kila asubuhi saa kumi na mbili alifunua mbao za sakafu, akapima betri zake nne moja moja, akaandika, akakunja uso, halafu akamtazama mkewe, maana friji ndogo ya dawa ndiyo mashine pekee mle ndani ambayo hakuiamuru yeye.

Tarehe 2 Mei 2010 walianza kuvuka bahari, safari ya siku ishirini na tatu. Wiki moja kabla, betri moja ilikuwa imekufa, na huyu mtaalamu wa wataalamu, kwa kichwa kilichovimba, akafunga moja mpya kati ya tatu kongwe, akijiambia kwamba yeye ataziweza. Siku ya tisa, mawingu yakiwa yamefunika paneli, umeme uliisha, usukani unaojiendesha ukanyamaza, marehemu akatamka kwamba ni friji, akaizima, na dada yetu akaizungushia dawa taulo mbichi huku akiomba msamaha. Siku ya kumi na moja alizitenganisha betri, akaziacha zipumzike, akapima, akaona kwamba zile tatu ndizo zilizoimaliza ya nne. Alizikata zile tatu, jua liliporudi akaipa friji ile mpya peke yake, akashika usukani kwa mikono siku kumi na mbili, na hilo tunampa, viganja vilichubuka na dawa iliyobaki ikapona.

Walipofika nchi kavu alisimulia kila bandari jinsi friji ya mke ilivyotaka kuwaua, mkacheka, mkampa dada yetu jina la Mama Friji, wengine mmemwita hivyo leo hii hapo getini, na yeye amelibeba miaka zaidi ya kumi na miwili, hata nyumbani penye umeme tele alifungua friji yake haraka haraka, kwa aibu.

Agosti 2022 marehemu alianza kuugua moyo, akalazwa tarehe 19 Januari 2023, wodi ya wanaume, kitanda cha nne, na tarehe 31 alinishika mkono, akanieleza yote haya ya betri, akamalizia: "Nimeshindwa kumwambia mke wangu usoni. Usimwambie kabla. Kasome wewe, mbele ya wote niliowachekesha." Mtu aliyepata muda wa kupima betri kila asubuhi alikosa asubuhi moja ya kusema samahani, hata samahani yenyewe ametuma mtu. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Kwa hiyo, dada, unasikia sasa hivi pamoja na hawa: haikuwa friji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliopanga viti tangu alfajiri, na mafundi wenzake wa karakana, ambao tunawaomba lile jina la Mama Friji walilolizoea walizike pamoja naye. Pumzika kwa amani, shemeji, na ile amani uliyomnyima dada yangu miaka yote hiyo, mwachie aanze kuipata leo.