Mwalimu Maxine na Karatasi ya Nambari

Wasikilizaji wapendwa, leo mnivumilie. Tunamkumbuka Mwalimu Maxine Nekoye wa Ngoingwa. Ametuacha akiwa na miaka ishirini na tisa. Ishirini na tisa tu.

Wazazi wa Shule ya Mugutha mlimjua. Aliwafundisha watoto wenu hesabu, na aliyepata tatu kwa kumi alipigiwa makofi pia. Mimi nilimjua mapema, tulikalia dawati moja. Na nilimwonea wivu, wacha niseme tu. Mwandiko wake, nywele zake, hata chapati za mamake. Matokeo ya Form Four yalipotoka, Maxine alipata A, mimi C plus. Mtaa mzima ukaenda kwao kushangilia. Kwetu alikuja paka.

Tulienda kuchagua vyuo kwa saiba ya Mwas, pale mtaani penye kompyuta za kukodi. Maxine akaweka uuguzi, Eldoret, chaguo la kwanza. Alitaka uuguzi tangu darasa la nne. Kisha nyanyake akafariki, wakasafiri Bungoma kuzika. Huko mtandao ulikuwa shida. Akaniachia karatasi yenye nambari zake za kuingilia kwenye tovuti ya vyuo.

"Ciku, niangalilie kama imeingia poa."

Ilikuwa imeingia poa kabisa. Niliisoma, uuguzi, na roho ikaniuma. Siku ya mwisho nikaitoa, nikaweka ualimu. Ni mimi, wasikilizaji. Si mtandao, si serikali. Ni mimi.

Alipoitwa ualimu, nilimsaidia kushangaa.

Jana nilienda matanga. Nikamwambia mamake, Mama Boaz, ukweli wote. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha.

"Ciku, Maxine alijua. Nani mwingine alikuwa na hiyo karatasi? Alilia wiki nzima. Halafu akaniambia, Mum, usimuulize. Akijua tunajua, hatakuja hapa tena."

Na nilienda. Kila Krismasi, miaka kumi, nikila zile chapati.

Mama Boaz, Boaz na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wanafunzi wa Mugutha, poleni kwa kumpoteza mwalimu. Na wewe uliyeachiwa nambari za rafiki yako msimu huu wa kuchagua vyuo, hebu jiulize roho yako ikoje, kisha umrudishie.

Mimi ile karatasi bado ninayo. Na Maxine bado namwonea wivu, kwa sababu mimi ningetendewa hivyo, singeweza kunyamaza hata siku moja.