Dakika Tatu za Winchi

Benchi letu liko nje ya duka la donati la Bi. Ruta, ubavuni mwa geti namba nne la bandari ya Kendrick, na asubuhi ile ya Aprili theluji chafu ilikuwa bado imeganda chini yake. Tulikuwa wanne. Winchi, ambaye barua humjia kwa jina la Gene Hrubik, aliendesha kreni miaka thelathini na moja. Otis Treadwell tunamwita Mahakama, maana alikuwa msemaji wa chama cha wafanyakazi na mpaka leo hawezi kuomba sukari bila kutoa hoja. Dot Kaczmar ni Filimbi, refa mstaafu wa mashindano ya shule. Mimi ni Kiberiti, na mkinisikiliza mtajua kwa nini. Timu yetu ni Makuli, wa ule mpira wa Kimarekani unaorushwa na kukimbizwa kwa mikono. Msimu uliopita walicheza mechi kumi na saba wakafungwa kumi na tano, na timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa zamu ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Uchaguzi ulikuwa jioni ya siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa tumewagomea Makuli tangu Novemba: hatusomi habari zao, hatuwashi redio, hatuvai kofia zao. Tulivunja mgomo juzi tu, barua ya timu ilipomfikia Winchi. Bahati nasibu ya mashabiki ilimwangukia: aende saa nne akanywe chai na meneja, apewe dakika tatu amwambie timu imchague nani kwanza. Tangu timu iundwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa Makuli kumwuliza kuli jambo lolote.

Winchi: Jamani, nina nusu saa. Nikienda kule nikaropoka, watasema watu wa bandarini vichwa vyao vimejaa kutu. Nipeni jina la nafasi moja ya uwanjani. Moja tu!

Mahakama: Ukuta. Wale majitu ya mbele wanaomkinga mrushaji wetu. Msimu mzima kijana wa watu kalala chali kama godoro! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, sisi tunataka nini?

Winchi: Ukuta.

Mahakama: Basi tusizibe ufa!

Filimbi: Otis, hiyo methali inakutaka uzibe, bwana.

Mahakama: Inamtaka asiyetaka ukuta. Mimi nautaka.

Mimi: Ukuta umkinge nani? Mrushaji gani? Yule anayerusha mpira ukaenda kwa muuza soda? Winchi, sema mrushaji mpya. Sema kwa sauti. Gonga meza!

Filimbi: Warushaji watano tumechagua katika miaka kumi na miwili, Kiberiti. Watano! Mmoja sasa anauza mabwawa ya kuogelea. Mwingine alikuwa haoni vizuri jicho la kushoto, na hakuna aliyempima.

Mimi: Kwa hiyo nani alaumiwe, jicho au aliyelichagua?

Filimbi: Msinipandishe presha. Mimi nasema mkimbiaji. Mpe mpira, aende. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingoni si ndiko pointi ziliko?

Mahakama: Ebo! Dada, hiyo ni methali ya kushindwa.

Filimbi: Na Makuli ni timu ya nini?

Hilo lilituuma. Bi. Ruta alitoka na birika, akatuongezea kahawa kwenye vikombe vya karatasi, akasema kahawa ndiyo hiyo ya mwisho mpaka mashine ipoe. Winchi alikuwa ameshika kipande cha karatasi alichoandika maneno mawili kisha akayakata yote mawili.

Winchi: Baba yangu alikufa hajawaona wakibeba kombe. Miaka arobaini na minne mimi naenda uwanjani, mvua, theluji, harusi ya dada yangu nimeikosa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia, Gene, wewe unaonaje? Leo wameniambia. Na nyie mnanipa magodoro na methali!

Mahakama: Tulia, mzee mwenzangu. Nimepata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa uwanjani nani anainama? Yule jamaa wa katikati, anayepitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa mrushaji! Mchagueni huyo. Kombe liko mvunguni.

Mimi: Kombe liko mvunguni mwa tajiri mwenye timu, pale alipoficha akili yake. Tumchague tajiri mpya! Kanuni inakataza wapi? Aje kijana wa chuo, miaka ishirini na mbili, amiliki timu.

Filimbi: Amtimue meneja.

Mahakama: Na yule mpuliza tarumbeta.

Filimbi: Tarumbeta lina kosa gani?

Mahakama: Linapulizwa tukifungwa! Nalisikia mpaka usingizini!

Tulikuwa tumeshapandisha sauti, mbwa wa mlinzi wa geti anabweka, ndipo akaja mpeleka barua mpya wa mtaa wetu. Jina lake Yesenia, ana wiki ya pili kazini. Alimpa Bi. Ruta bahasha zake, akasimama kutusikiliza, uso umejaa huruma.

Yesenia: Shikamooni wazee. Samahani, mnazungumzia Makuli hawahawa?

Mimi: Kuna wengine? Mungu atuepushe!

Yesenia: Lakini Makuli leo hawachagui mtu. Zamu yao ya kwanza waliiuza Februari, wakapewa yule mrushaji wa miaka thelathini na tisa, mwenye goti bovu. Wataanza kuchagua kesho, wenzao wote wakishachagua.

Mahakama: Februari?

Yesenia: Ilitangazwa kila mahali.

Filimbi: Februari tulikuwa kwenye mgomo.

Mahakama: Mgomo halali! Tulipiga kura!

Mimi: Thelathini na tisa! Na hilo goti ni lake au la kuazima? Wezi! Wametuuzia zamu yetu tukiwa tumewapa kisogo!

Yesenia alimtazama Winchi, suti yake ya mazishi, tai iliyokaza, karatasi mkononi.

Yesenia: Mzee, sasa kama leo hawana wa kuchagua, wamekuita ukawashauri nini?

Mahakama, mtu aliyejibishana na makampuni matatu ya meli, alianza kuokota vikombe vyetu vya karatasi.

Winchi alisimama. Aliikunja ile karatasi, akaitupa pipani, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

Filimbi: Gene, bado unakwenda?

Winchi: Nakwenda. Swali la huyu binti ndilo nitakalomwuliza meneja. Robo dakika inatosha, zilizobaki ni zake za kujibu.

Mimi: Na asipojibu?

Winchi: Nitakaa hapohapo. Mimi nimestaafu, na yeye leo hana wa kuchagua. Sote tuna nafasi.