Suti ya Saa Nane

Asubuhi hiyo benchi letu lilijaa kabla kahawa haijachemka. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapa, kati ya duka la fundi cherehani na karakana ya baiskeli, na kwa kuwa birika ni langu, sina upande: anayenunua ndiye mwenye hoja. Kulia alikaa Breki, aliyewaendesha wakubwa wa mashirika miaka ishirini na sita mpaka akastaafu. Hakuna mkubwa mjini ambaye hajamwona kisogo. Pembeni yake Kamusi, karani mstaafu wa shule, anayejua methali zote isipokuwa maana zake. Mlangoni pa duka alisimama Mama Sindano, fundi mwenyewe, futi ya kupimia shingoni. Na mbele yetu, amekakamaa kama anayepigwa picha ya pasipoti, alikuwa Mita. Huyu husoma mita za idara ya maji, na mbwa wa mitaa saba wamechoka kumbwekea. Alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, na chini yake suruali ya magwanda ya kazi. Alikuwa anakwenda kwenye kikao cha bodi, na kadi ilitaka mavazi rasmi.

— Hebu isome tena, akasema Breki.

Mita akaitoa kadi mfukoni, akaisoma kama anayekula kiapo.

— Kikao cha bodi. Ukumbi wa makao makuu. Tarehe ya leo, 8:00. Mavazi rasmi. Mwakilishi wa wasoma mita atapewa dakika kumi.

— Basi wasiwasi wa nini? nikamwambia. Saa moja na nusu ndiyo kwanza inagonga. Mpaka saa nane mtu anashona suti, anaivaa, na anaichoka.

Lakini Mita alikuwa na haki ya kutoka jasho. Idara ilitaka kuleta mita mpya zinazotuma hesabu zenyewe kwa mtandao, bila mtu kuinama kusoma. Wasoma mita walikuwa kumi na wanne. Leo bodi ingeamua kama bado wana kazi, na wenzake kumi na watatu walikuwa wamemchagua yeye akawasemee.

— Tuanze na viatu, akasema Breki. Mkubwa akipanda gari, kiatu ndicho kinachotangulia. Nimeona kwa kioo miaka ishirini na sita. Mtu ni kiatu. Kilichobaki juu ni mzigo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaunga mkono Kamusi. Yaani kabla hujanunua kiatu, muulize mkubwa wako namba.

— Mzee, hiyo methali haina kiatu ndani yake, akasema Mama Sindano.

— Sasa guu huvaa nini, mama? Kofia?

Breki alikuwa amekuja na viatu vyake vyeusi kwenye mfuko, na koti la kijivu alilopewa siku ya kuagwa kazini. Viatu vilimkataa Mita pale pale. Vidole viliingia, kisigino kikabaki nje kinashangaa. Koti likamkubali kupita kiasi. Mabega yalifika kabla yake.

— Shemeji, akasema Breki, dada yangu anakulisha mwaka wa kumi na tisa huu, na bado hujajaza koti langu?

— Dada yako anapika, shemeji. Anayekuja kula ni wewe.

Tukacheka, hata Mita. Mama Sindano akampeleka nyuma ya pazia, akamtoa na suruali nyeusi ya mteja aliyeisahau dukani tangu mwaka juzi. Ilikuwa ndefu. Akapiga goti, akaanza kuikunja miguu kwa pini.

— Suruali nzuri, ila nyeusi, akasema Kamusi. Ungetafuta ya bluu. Bluu ni maji. Ukiwa na bluu wanaona kabisa kwamba huyu ni wetu.

— Na akivaa kahawia? nikauliza.

— Hapo watajua bomba limepasuka.

— Rangi haina neno, akasema Breki. Neno liko kwenye tai. Tai ikipita mkanda, unaomba kazi. Ikiishia juu ya kitovu, unaomba huruma. Ikigusa mkanda wenyewe, hapo unaongea na wenzako.

— Na anayeomba vyote viwili?

— Huyo avae mbili.

Kamusi akavua tai yake mwenyewe, ya mistari, iliyotumika shuleni hadi mistari ikachoka. Akamfunga Mita kwa mkono wa mtu aliyewafunga tai watoto wasio na idadi siku za sherehe za shule.

— Mistari hii ina kazi, akasema. Mtu akiitazama sana macho yanamcheza. Macho yakimcheza anatikisa kichwa. Akitikisa kichwa, katibu anaandika "wamekubali". Ndiyo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo ni ya chawa na adui, mzee! Mama Sindano akasema, pini mdomoni.

— Ni ya suti, mama. Kinachokupa ulaji kimo nguoni.

— Kwa hiyo mimi ninayeshona nguo za mji mzima ningekuwa nimeshiba.

Breki hakutaka kupitwa. Akasema yuko mkubwa mmoja, jina hatalitaja, aliyefunga tawi zima la shirika kwa sababu karani alikuja kikaoni amefunga vifungo vyote vitatu vya koti.

— Vitatu tu?

— Vitatu! Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Akaingia garini, akasema, "Dereva, mtu anayejifunga hivyo anaficha kitu." Jumatatu tawi halipo.

— Uongo huo, Breki.

— Uongo una vifungo vinne. Huu una vitatu.

Mita akajitazama kifuani. Akafungua kifungo kimoja. Akakifunga. Akakifungua tena, akakifunga tena, hadi Mama Sindano akasita na pini yake.

— We baba, una nini? Unaingia kila ua wa mji huu, unapita katikati ya mbwa. Watu kumi wenye miwani ndio wakutetemeshe?

Mita akakaa benchini, taratibu, kwa ajili ya pini.

— Mwaka jana nilitumwa makao makuu, akasema. Palikuwa na kikao cha kupanga mizunguko yetu. Nikaenda na magwanda na buti, si ndiyo nguo zangu? Dada wa mapokezi akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Afadhali umefika. Sinki la ghorofa ya pili linavuja tangu jana."

— Ukamjibuje?

— Nilitaka kumjibu. Mdomo ukakataa. Nikapanda ghorofa ya pili, nikaliziba sinki, nikashuka, nikaaga. Kikao kilikuwa chumba cha pili yake. Nilikuwa nasikia wanavyocheka humo ndani.

Hakuna aliyecheka pale benchini. Breki alimsogezea kikombe chake mwenyewe, ambacho hajawahi kumsogezea mtu. Kamusi akamnyoosha tai, ingawa ilikuwa imenyooka. Ndipo tukarudi kwenye mabishano kwa nguvu mpya, kila mtu akitafuta nguo ambayo ikivaliwa, hakuna mapokezi duniani yatakayomtuma mtu kwenye sinki. Breki akataka miwani isiyo na kioo. Kamusi akataka mkoba, hata mtupu, ila mzito.

— Mtupu na mzito? nikauliza.

— Tia tofali.

Wakati huo akaja dada mmoja, muuguzi, aliyehamia mtaani mwezi huo. Alikuja kuchukua sare yake iliyokuwa inatiwa zipu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Hongera, baba, akamwambia Mita. Unaoa?

— Anakwenda bodi, akasema Kamusi. Ni kama kuoa, ila mashahidi ni wengi.

Mita, kwa fahari kidogo, akampa kadi. Muuguzi akaisoma, akaisoma tena, akamtazama Mita.

— Samahani, baba. Hii 8:00 ni saa nane, au ni saa mbili?

Mita akaivuta kadi, akaitazama upya.

— Saa nane, akasema Mita. Si imeandikwa nane? Orodha yetu ya zamu ikisema 1:00, tunaingia saa moja asubuhi.

— Sisi hospitali ikiandikwa 1:00 ni saa saba mchana. Na 8:00 ni saa mbili. Kwa hiyo nauliza, hii kadi imeandikwa na mtu wa zamu au na mtu wa ofisini?

Nilimtazama Breki, Breki akamtazama Kamusi. Kamusi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hapakutoka methali. Mita akampigia msimamizi wake, simu imezimwa. Akapiga makao makuu. Ikaita mpaka ikachoka.

— Sasa hivi ni saa ngapi? akauliza kwa sauti ndogo.

— Saa mbili na dakika kumi na mbili, akasema muuguzi.

Sikumbuki nani alisimamisha pikipiki. Nakumbuka Mita akipanda nyuma na koti la mtu wa mabega mapana, tai ya shule, suruali iliyopindwa kwa pini, na chini yake buti zake za kazi, maana viatu vingine vya kumtosha havikuwepo. Mama Sindano alikimbia hatua kadhaa akipaza sauti:

— Usikae! Chochote watakachosema, usikae, pini zitafunguka!

Alirudi saa saba na nusu, kwa miguu. Tulimpisha benchini. Akabaki amesimama, tukaelewa ni pini.

— Ilikuwa saa mbili, akasema. Nimeingia wako katikati. Mwenyekiti ni mama mmoja mtu mzima, ana sauti ya taratibu. Akaniambia, "Bwana, umechelewa nusu saa."

— Ukasemaje?

— Safari hii mdomo ulifunguka. Nikamwambia, "Mama, mimi sijachelewa. Nimewahi kwa saa tano na nusu." Wakacheka. Nikawaambia, kwetu sisi 8:00 ni saa nane. Na tangazo mlilotoa mwezi uliopita, kwamba maji yatakatwa 8:00, nusu ya mji walisoma kama mimi. Waliamka saa mbili wakakuta bomba kavu na ndoo tupu. Mnajua nani aliyeulizwa? Si nyinyi. Ni sisi, kila mlango. Nilikaa na bibi mmoja hapa mtaa wa pili mpaka akaelewa, nikamchotea na maji kwa jirani. Nikawauliza, hiyo mita mpya ikishatuma hesabu, bibi yule atamuuliza nani?

— Halafu?

— Halafu nikaendelea. Dakika zangu zikaisha, lakini hakuna aliyeniambia nikae.

— Wakaamuaje? Breki akauliza. Tuambie, bwana!

— Mita mpya zinakuja. Hilo halizuiliki. Lakini sisi kumi na wanne tunabaki mwaka mmoja, tutembee nazo nyumba kwa nyumba, tufundishe watu. Mwaka ukiisha watakaa tena.

Mwaka mmoja si milele. Tuliupima kila mtu kichwani mwake. Kamusi akaishika tai yake kifuani mwa Mita.

— Na tai? Walitikisa vichwa?

— Mzee, mwenyekiti alitazama dirishani muda wote.

— Alikuwa anakwepa mistari, akasema Kamusi. Inafanya kazi ile.

Nilimmiminia Mita kikombe cha mwisho. Alikuwa anakipuliza wakati simu yake ilipoita. Ni mwenzake wa mzunguko wa sokoni, na alikuwa anapiga kelele hivi kwamba sote tulisikia.

— Kaka, uko wapi? Saa nane kasoro dakika tano! Tuko getini makao makuu.

— Mko? Wangapi?

— Wote. Tulisema huwezi kuingia peke yako. Tumevaa, kaka. Mmoja kaja na suti ya harusi, mwingine koti la baba mkwe. Mlinzi anatuuliza tumekuja kumzika nani.

Mita akaweka kikombe chini. Katika hangaiko la asubuhi, hakukumbuka kumwambia hata mmoja wao. Alifumba macho kidogo, mabega ya koti yakitikisika, na mpaka alipoinua uso ndipo tulipojua kwamba anacheka, na machozi yanamtoka.

— Bakini hapo hapo, akasema. Msivue. Nakuja.

— Unakwenda kufanya nini tena? akauliza Breki. Kikao si kimekwisha?

— Nakwenda kuwaona, shemeji. Kumi na watatu wenye suti! Hili nitaliona lini tena?

Akashika njia. Mama Sindano akafunga mlango wa duka, akamfuata na sindano na uzi mkononi. Kamusi akajipangusa kola, Breki akachukua viatu vyake. Kahawa ilikuwa imekwisha. Nikafunika birika, nikaenda nao.