Dakika, Fundi wa Meno, na Wiki Aliyotugawia

Tunayemlaza leo alikuwa na jina lingine katika vyeti vyake, lakini hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kumwita kwa jina hilo. Sote tulimwita Dakika. Jina hili alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu kila alipoitwa kula, kuoga au kulala alijibu, "Dakika moja tu," na dakika yake ilikuwa kweli dakika moja, si kama hizi zetu. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea. Humu ndani atajiita "dada yake mkubwa", maana akianza kusema "mimi" hatafika ukurasa wa pili. Mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa moja na robo asubuhi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Mama husimulia kwamba muuguzi alitoka kwenda kufuata glovu, na aliporudi akakuta mtoto ameshafika. Dada yake mkubwa alikuwa na miaka sita. Alipelekwa wodini akiwa amevaa viatu vya shule, akakalishwa kitandani, akawekewa mtoto mapajani, na mama akamwambia, "Huyu ni wako." Mama alisema hivyo ili asione wivu. Mtoto wa miaka sita hajui mambo ya kubembelezwa, akaliamini neno hilo kama lilivyo.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu kuanzia mwaka 2002 hadi 2008. Baba yetu alifariki Dakika akiwa darasa la pili. Sekondari alisoma kuanzia 2009 hadi 2012, akakaa nyumbani mwaka mmoja akiwasumbua majirani kwa gitaa, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa meno, alikohitimu tarehe 2 Desemba 2016. Alipokuwa kidato cha pili alibandika karatasi ukutani mwa chumba tulicholala wote wawili, ameigawa wiki nzima kwa rula. Kulikuwa na hesabu, kufua, mpira, na kila siku saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili na nusu aliandika "kumsikiliza dada". Dada yake mkubwa alichukia kuwekwa foleni moja na kufua. Leo angetosheka na robo ya nusu saa ile.

Januari 2017 aliajiriwa katika karakana ya meno ya bandia, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Wengi wenu hamjapanda ngazi zile. Juu kuna chumba kirefu chenye meza nne, taa za kuinamisha, masufuria ya nta na vumbi la plasta linalokaa hadi kwenye nyusi. Fundi mkuu, ambaye yupo nasi, anasema Dakika alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote aliowahi kuwafunza, na mdomo mwepesi vilevile. Alizoea kuzungumza na mtu akimtazama meno badala ya macho. Katika sherehe alikuwa akipita meza kwa meza akinong'ona nani atakuwa mteja wake baada ya miaka kumi. Mwandishi wa wasifu huu alipewa mitano.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote imekaa hapa safu ya kwanza. Bibi yetu alipong'olewa meno ya mbele aliacha kucheka, na alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Dakika alimpima, akaenda zake, kisha akarudi kuuliza kama kuna picha ya bibi ya usichanani. Ikapatikana moja, imekunjika pembe, bibi amesimama mbele ya studio anacheka, na meno yake ya mbele yana mwanya. Fundi mkuu akamwambia hakuna mtu anayetengenezewa meno yenye nafasi katikati, watu wanalipia kuziba. Dakika akautia mwanya ule, sawasawa na wa kwenye picha. Siku alipomvisha, akampa kioo. Bibi akajitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu namjua."

Nje ya kazi, marehemu alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete kwa miaka saba. Jumanne na Ijumaa jioni zilikuwa za mazoezi, Jumamosi mechi. Alhamisi ilikuwa ya rafiki yake wa tangu chuoni, msusi, ambaye saluni yake ilikuwa kijiwe chao cha kupiga soga mpaka wateja wawafukuze. Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya gitaa, chombo alichojifunza kwa miaka kumi na miwili bila kumaliza wimbo hata mmoja. Jumapili ilikuwa yetu. Kila mtu alikuwa na siku yake na aliijua, na akikupa siku alikuwa wako mzima, simu iko ndani ya mkoba. Tulikuwa tukimsifu kwa hilo. Tulisema, huyu msichana anajua kuishi.

Marehemu hakuolewa. Aliwahi kuwa na mchumba kwa miaka miwili, kijana muungwana ambaye amefika leo na tunamshukuru. Shangazi walipomkalia kooni wajue kwa nini waliachana, Dakika aliwajibu, "Nilimpa Jumatano, yeye akataka wiki nzima." Shangazi walicheka, na hawakuuliza tena.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Mama ameomba sehemu hii iwe fupi. Dada yake mkubwa amejaribu, ameshindwa.

Agosti 2024 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Alikwenda hospitali peke yake Jumanne tarehe 20, na akaambiwa kwamba shinikizo la damu ambalo hakujua analo lilikuwa limeziharibu figo zake zote mbili. Ijumaa tarehe 6 Septemba alianza kusafishwa damu kwa mashine, kwa muda wa saa nne kila kipindi, mara mbili kwa wiki. Alichagua Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana. Kazini aliomba aingie alfajiri na kutoka mapema siku hizo, akasema miguu ya bibi yake imekuwa mibovu na yeye ndiye anayemwangalia. Kwenye timu alisema kazi zimezidi, hawezi mazoezi, na goti linamsumbua, kwa hiyo Jumamosi atakuwa anaandika magoli. Sisi nyumbani hakutuambia kitu. Jumanne na Ijumaa tulijua yuko mpirani, kama miaka yote.

Mrija wa mashine uliwekwa ubavuni mwa shingo, na tangu hapo akawa anavaa mitandio. Msusi aliisifia, akamwazima mmoja wa kijani. Wiki ile ile Dakika alikata nywele zote, akasema amechoka kuzihudumia, na msusi akamnunia mwezi mzima kwa kumnyima kazi. Hakujua kwamba rafiki yake alikuwa anakwepa vidole vyake visimfike shingoni.

Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu, Dakika alikuja kwa dada yake mkubwa akiwa amechelewa kwa saa mbili. Ijumaa iliyotangulia hakutokea tulipopaka rangi chumba cha mama, ingawa aliahidi angeruka mazoezi siku hiyo moja. Dada yake alikuwa anapiga pasi sare za mwanawe, na alikuwa na hasira tangu asubuhi. Dakika akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akasema, "Dada, nina jambo nataka kukuomba."

Dada yake hakuinua macho. Alisema, "Wewe una nafasi ya kila mtu isipokuwa sisi. Ukitukumbuka, ujue una shida."

Dakika akavuta rundo la nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akaanza kukunja. "Basi," akasema. "Si haraka."

Yeye, mtu wa dakika moja tu, alisema si haraka, na dada yake aliyelala naye chumba kimoja miaka kumi na tano hakushtuka. Aliendelea na pasi. Waliongea habari za meno ya bibi, wakacheka, Dakika akaondoka na kipande cha keki kwenye karatasi. Dada yake hakuuliza tena jambo lenyewe lilikuwa lipi. Alidhani anataka kuazima sanduku la safari.

Jumatatu tarehe 7 Aprili, saa nne asubuhi, marehemu alianza kutetemeka kwa homa akiwa mezani kwake. Fundi mkuu alimbeba mgongoni akashuka naye ngazi zile, akamkimbiza hospitali. Mrija wa shingoni ulikuwa umepata maambukizi na yalikwisha kuingia kwenye damu. Tulipofika hakuwa anaongea tena. Tulijaa kwenye mabenchi ya ukumbini: mama, bibi, dada yake, msusi, nahodha wa timu, na fundi mkuu aliyekuwa bado na plasta kwenye nyusi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Dakika kukaa mahali pamoja. Fundi mkuu, kwa adabu, akamwinamia bibi na kumwuliza miguu inaendeleaje.

"Miguu yangu ina nini?" bibi akauliza.

Fundi akamwambia, si Dakika alikuwa akitoka mapema Jumanne na Ijumaa kuja kumwangalia. Mama akasema hapana, siku hizo ni za mpira. Nahodha akasema mazoezini hajaja tangu Septemba, walimwacha kwa sababu ya kazi. Tulitazamana kama watu waliokabidhiana mtoto njiani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyemshika mkono. Daktari alipotoka kuzungumza na familia kuhusu figo, alitutazama nyuso, akauliza, "Kwani ninyi hamkujua?"

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 9 Aprili 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka thelathini na siku ishirini na sita.

Siku iliyofuata dada yake mkubwa alikwenda kuchukua vitu vyake katika kitengo cha kusafisha damu. Alipewa mtandio wa kijani, soksi nene, na daftari la nyimbo za gitaa. Muuguzi wa pale alikuwa akikaa naye Jumanne na Ijumaa zote hizo, na katika miezi saba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na Dakika mzima. Alieleza kwamba aliwahi kumgombeza kwa kuwaficha watu wake, na Dakika akamjibu, "Nikiwaambia, wataacha kuwa watu wangu, watakuwa wauguzi wangu. Mmoja ninaye tayari, na ana maneno mengi."

Muuguzi alieleza pia kwamba figo hupandikizwa, na kwamba ndugu wa tumbo moja ndiye wa kwanza kupimwa. Kila mwezi alimwuliza kama ana ndugu. Kila mwezi Dakika alijibu, "Ninaye dada. Nitamwuliza." Mwezi Februari muuguzi alimwuliza kama ameshamwuliza. Dakika akasema, "Dada ana mambo mengi."

Dada yake aliuliza kama figo yake ingemfaa. Muuguzi akasema hilo lisingejulikana bila vipimo, na asijiadhibu. Kwa hiyo hatujui, na hatutajua. Kila anayekuja kutupa pole anasema kazi ya Mungu haina makosa. Dada yake anawashukuru kwa nia njema, ila anawaomba wasimwambie hivyo leo.

Marehemu ameacha mama, bibi, mtoto wa dada yake, aliyemwita mama mdogo na ambaye bado anauliza Jumapili ni lini, rafiki yake msusi, wenzake wa karakanani, na timu ya wanawake kumi na wawili, waliovaa leo jezi chini ya nguo zao nyeusi.

Ameacha pia dada mmoja. Huyo ni mimi. Niliambiwa nikiwa na miaka sita kwamba huyu ni wangu, na nimesimama mbele yenu na figo mbili, zote nzima.

Dakika, mwanangu, watu wako wote tuko hapa, siku moja, mahali pamoja. Ulichotaka kuomba nimekisikia. Hakuna anayekungoja kwingine, na mimi leo sina kazi yoyote. Pumzika kwa amani.