Vyuma Vinashuka, Pombe Inapanda

Benchi letu liko kwenye kona, limeegeshwa ukutani nje ya duka la Kinyozi, na asubuhi jua hutuchoma magoti likatuachia vichwa. Kabla ya kazi tunakaa pale watu wanne na birika la kahawa. Kinyozi mwenyewe hukaa na taulo begani, mteja asije akadhani hajafungua. Waziri ni mstaafu wa posta. Jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko. Mimi ni fundi cherehani. Na Vyuma ni mchomelea mageti, karakana yake inatazamana na benchi. Kazi yake vyuma, starehe yake vyuma: alijitengenezea mtaimbo wa kunyanyulia uzito, akauvisha gia za lori kila upande, kila gia ameipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Starehe yake ya pili ni kutengeneza pombe ya nanasi chumbani kwake, kwenye madumu makubwa. Mambo yote mawili alikuwa akiyafuatilia kwa chaki kwenye ukuta wa karakana: kushoto uzito alionyanyua, kulia ukali wa kila dumu. Asubuhi moja Kinyozi alikuwa ametoka kuuchungulia ule ukuta, akarudi mbio kama aliyefumania.

KINYOZI: Nimeona kwa macho yangu! Vyuma vinashuka, pombe inapanda. Mnataka ushahidi gani tena? Pombe inamla huyu.

VYUMA: Mimi naonja kijiko tu, bwana. Nyingine mnamaliza nyie.

KINYOZI: Kijiko chako wewe ni upawa.

MIMI: Muache. Hatujawahi kumwona amelewa.

WAZIRI: Kinyozi umekosea, na wewe fundi umekosea. Tatizo si kunywa, tatizo ni kulala nayo chumba kimoja.

KINYOZI: Haya, tamko hilo linakuja.

WAZIRI: Sikilizeni. Hamira ni kitu hai. Inakula sukari. Sasa sukari ya nanasi ikiisha, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, hamira itakula nini? Si itamfuata aliyelala?

MIMI: Mzee wangu, jamani!

WAZIRI: Chekeni tu. Pombe inazidi nguvu, mtu anapungua nguvu. Hazijapotea, zimehama! Ile pombe yake kwenye harusi ya binti yangu, sisi tulikunywa mabega ya huyu.

Kinyozi alipaliwa na kahawa. Vyuma naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kwanza kujua wenzake wanacheka nini.

KINYOZI: Mimi nasema ni kutu. Gia zinalala nje, zinanyeshewa, zinashika kutu. Kutu nayo ina uzito wake. Kwa hiyo hajapungua yeye, zimeongezeka zenyewe.

VYUMA: Nimezipima upya. Ni zilezile.

WAZIRI: Basi mizani mbovu.

VYUMA: Mizani mizima.

WAZIRI: Basi ni ardhi! Tangu wachimbe kile kisima nyuma ya karakana, ardhi ya pale inavuta kuliko ya hapa. Hebu lete mtaimbo wako hapa kwenye benchi, unyanyue mbele yetu. Uone kama hautaruka wenyewe.

VYUMA: Siwezi kuuleta.

WAZIRI: Kwa nini?

VYUMA: Siwezi kuubeba, mzee.

Tulidhani anaendeleza mzaha. Kinyozi akaanza hata kumjibu, akaishia njiani, kwa sababu Vyuma alikuwa ameinua kikombe chake kwa mikono miwili, kile kikombe kidogo kisichojaa kiganja, na bado kahawa ilikuwa ikimwagikia suruali. Alikunywa iliyobaki. Akakirudisha kikombe chini taratibu, kidole kimoja kimoja kikiachia kwa zamu.

MIMI: Mkono una nini?

VYUMA: Misuli inakufa.

KINYOZI: Inakufaje? Huo umeteguka tu. Ukandwe na maji ya moto.

VYUMA: Nimetoka hospitali kubwa. Wamenichoma sindano kwenye misuli, wamenipitisha kwenye mashine, wamerudia. Daktari ni binti mdogo tu, alinishika mkono kabisa. Akaniambia, baba, ulianza wa kushoto, utakuja wa kulia, halafu miguu. Nikamuuliza dawa. Akaangalia pembeni.

WAZIRI: Madaktari hawa wa siku hizi...

Vyuma akaendelea, sauti yake ileile ya kuelezea geti la mteja.

VYUMA: Mwanzoni koleo lilikuwa linanidondoka. Nikasema uchovu. Nikapumzika, namba zikashuka. Nikaongeza mazoezi, zikashuka. Nikala mayai mpaka nikayachukia. Miaka yote hii mtu akifanya zoezi na akala, namba hupanda. Mimi nilijua hivyo. Kwa hiyo nikawa naandika tu, nikisema wiki ijayo zitageuka. Natoa gia moja, naandika. Natoa nyingine, naandika. Mwisho ukabaki mtaimbo mtupu.

MIMI: Na mtaimbo mtupu?

VYUMA: Jana haukutoka chini.

KINYOZI: Lakini pombe si inaendelea vizuri, ndugu yangu? Namba nimeziona mimi mwenyewe.

VYUMA: Hizo za zamani. Dumu la mwisho sikuweza kuliinamisha nimimine. Nililiangalia limekaa pale chini mpaka likachacha. Sasa ni siki.

Waziri alikuwa akisugua goti lake. Kinyozi alivua taulo begani, akalikunja, akalikunjua.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka barabara akielekea kwetu, mtu mzima, mkoba wa safari begani, viatu vimejaa vumbi. Vyuma alipomwona alijaribu kusimama, akashindwa kujiinua kwa mkono kutoka kwenye benchi, akarudi akakaa.

VYUMA: Shikamoo dada. Jamani, huyu ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Nilimpigia simu.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Habari zenu, kaka zangu?

Tukaitikia kwa pamoja. Alimshika Vyuma mkono wa kushoto, akauminya kuanzia bega kushuka mpaka kiganjani, kama anayetafuta kitu ndani ya mkono wa koti. Machozi hayakumtoka. Nadhani alikuwa ameshayamaliza njiani.

DADA: Amenieleza yote kwenye simu. Mimi nyumbani nina mume mgonjwa wa kitandani, nimeomba jirani aniangalizie mpaka jioni tu. Mtoto huyu hana mke, hana mtoto. Kila nikipiga simu ananiambia, dada usiwe na wasiwasi, nina ndugu zangu hapa kijiweni.

KINYOZI: Ni kweli kabisa, dada. Tuko pamoja.

WAZIRI: Huyu ni wetu.

DADA: Ahsanteni sana. Basi naomba mniambie. Miguu ikifika zamu yake, nani atamnyanyua kitandani?

Aliuliza bila ukali, kama anavyouliza mgeni njia ya kituo. Akamtazama Kinyozi, akamtazama Waziri, akanitazama mimi. Mimi nina chumba kimoja na watoto wanne. Waziri mgongo wake hauinui hata ndoo. Kinyozi aligeuka kutazama mlangoni kwake ambako hakukuwa na mteja.

Vyuma alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa anasubiri jibu au anatuonea huruma.

DADA: Hamna haraka, kaka zangu. Nitasubiri.

Akaweka mkoba chini. Tukasogea kumpa nafasi, akakaa.