Mama Kipimajoto na Namba Tatu za Maktaba Moja

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Kipimajoto anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya usanifu wa majengo kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Nimehakiki tarehe hizo katika shajara yangu mara mbili.

Aliingia akiwa fundi wa viyoyozi, akasomea zaidi, akawa mtu wa kukadiria jengo litahitaji ubaridi kiasi gani wakati wa joto na joto kiasi gani wakati wa baridi. Kipimajoto chake hukitundika shingoni kwa uzi. Mumewe anasema hata chai ya nyumbani haimiminwi kabla haijapimwa, na hatuna sababu ya kumbishia.

Programu ya kompyuta ilipoletwa, hesabu ya wiki nzima ikawa kazi ya dakika nane. Yeye akaendelea na daftari lake. Tulimtania kwamba anashindana na treni kwa miguu. Akatujibu kwamba treni ni nzuri sana, ila huenda kule reli ilikolazwa.

Kisha ikaja maktaba. Programu yetu ilisema kilowati 46 za kupoza. Programu nyingine, ya kuazima, ikasema 53. Daftari likasema 61. Kikaoni meneja alisema mashine haichoki, kwa hiyo haikosei. Fundi aliyekuja kufunga viyoyozi akataka tuchukue namba ya katikati, kama watu wanaogawana muwa. Nilikuwa katibu. Niliandika “tumekubaliana”, na hadi leo nikisoma kumbukumbu zile sijui tulikubaliana nini. Ninachojua ni kwamba zilifungwa mashine za 46.

Maktaba ilipofunguliwa, kila ikifika saa tisa alasiri wasomaji walijipepea kwa vitabu walivyokuja kuvisoma. Mama Kipimajoto hakusema “niliwaambia”. Alibeba kigoda, akakaa kando ya madirisha makubwa siku nne, akiandika joto kila nusu saa. Siku ya tano alikuja kwenye meza yangu, akanyoosha mchoro, akaweka ncha ya penseli kwenye mshale wa kaskazini.

Mchoraji ni mimi. Nilikuwa nimeugeuza mchoro ili uenee kwenye karatasi, nikasahau kuugeuza na mshale. Kwa hiyo ukuta wa vioo unaopigwa na jua la magharibi, kompyuta ilidhani unatazama kaskazini. “Kompyuta haijakosea, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Imekuamini.”

Kwa meneja aliripoti kwamba “ofisi imeteleza”. Jina langu hakulitaja, siku ile wala baadaye, nami nikabaki na kazi yangu. Leo najitaja mwenyewe, kwa sababu sifa ya mtu haiandikwi nusu.

Tuliporekebisha mshale, programu ilitoa 58. Daftari likabaki 61, kwa kuwa tangu mwanzo lilifuata jua la kiwanjani, si mshale wangu. Zile tatu za tofauti hatujui zilikwenda wapi. Ile programu ya kuazima haikutusaidia, maana mwenyewe alishaichukua. Meneja alimtaka Mama Kipimajoto aseme ipi ni kweli. Akasema zote ni makadirio. Mwenye uhakika ni aliyekaa pale saa tisa. Mashine iliongezwa, na wasomaji wakarudi kusoma.

Sasa mezani kwangu upo mchoro wa zahanati ya watoto wachanga. Programu inasema 38, daftari linasema 44, na kuanzia Jumatatu anayetia sahihi ni mimi. Nilimwuliza nifuate ipi. Alivua kipimajoto, akanivisha shingoni, akaenda kunywa chai. Sijaelewa kama hilo lilikuwa jibu.

Mama, tunakushukuru kwa daftari, kwa kigoda na kwa kutusitiri. Upumzike na babu wa wajukuu zako, mkae kwenye kivuli mlichokichagua wenyewe, na chai isipoe ikisubiri kupimwa.

Jumatatu, saa tisa alasiri, nitakuwa kwenye kiwanja cha zahanati. Kwanza nitatazama jua liko upande gani.