Innes Tulloch na Goli Ambalo Wattie Hakuliona

Leo Jumamosi, tarehe tatu Mei, refa akipuliza filimbi ya mwisho, Innes Tulloch atakuwa ameitumikia Port Ardoch Thistle miaka thelathini na minane, kwanza akiwa beki wa kushoto, kisha akiwa kocha, na ndipo anastaafu. Kamati imeniomba mimi, Senga Moodie wa kidirisha cha chai, niandike wasifu wake kwenye kijarida hiki cha mechi, eti kwa kuwa mimi ndiye niliyezisikia kelele zake muda mrefu kuliko wote. Ni kweli, na sikio langu la kulia halijapona hadi leo.

Innes alizaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya kiwanda cha samaki wa moshi alikofanya kazi baba yake. Alivaa jezi yetu akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga, na mguu wake wa kulia aliutumia kupandia ngazi tu. Lakini winga aliyepita upande wake mara moja hakutamani kurudi. Klabu moja kubwa ya kusini ilimchukua kwa misimu miwili, akaturudia na goti bovu na koti jipya la sufu. Goti lilipona. Koti ndilo hilo mnalomwona nalo leo, na mkewe Effie ameshalitupa mara kadhaa, likaokotwa.

Alipokabidhiwa timu, wengi walisema hatamaliza msimu. Katika safari yake ya kwanza ya kaskazini aliendesha basi mwenyewe kwenye theluji, akasimama kununua mafuta, akaondoka akiwa amemsahau kipa wetu chooni. Tulianza mechi beki akiwa amesimama golini. Kipa alifika amepakiwa kwenye lori la samaki, ananuka kuliko soko, na washambuliaji wao hawakumkaribia tena. Tulitoka sare. Innes alisema ndivyo alivyopanga.

Kisha ukaja mwaka aliofungiwa mechi tano kwa kumwambia refa mambo ambayo kijarida hiki hakiwezi kuyachapa. Benchi haruhusiwi kulikaribia, basi akaja kwangu, akavaa aproni, akawa anauza pai huku akitoa maagizo dirishani. Mtu anaomba pai mbili na kikombe cha supu, anapewa pai moja na ukelele wa kumwendea nahodha wetu: "Baikie! Rudi nyuma, baba, huyo unamwachia nani?" Timu ilishinda. Mauzo yaliporomoka, nami nikamwambia akifungiwa tena akajifiche kwa mwingine.

Wageni wetu wa leo watakuwa wameshaona kwamba uwanja huu umelala upande. Goli la juu liko upande wa kanisani, la chini liko upande wa baharini, na mpira ukiachwa katikati unajua wenyewe pa kwenda. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu, nahodha wa Thistle akishinda kura ya sarafu hana haja ya kufikiri: kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunateremka. Ndiyo maana wazee wetu husimama ukutani, nyuma ya goli la chini, mvua inyeshe isinyeshe. Mabao ya ushindi hufungwa mbele ya pua zao. Nafasi ya ukutani hainunuliwi wala haiombwi, wenyewe ndio wanaokuita. Mkubwa wao ni Wattie Geddes, aliyecheza ubavuni mwa Innes miaka yote ile, akamsimamia hata kwenye harusi.

Sasa niseme la miaka minne iliyopita. Tulikuwa mkiani, imebaki mechi moja, hapa nyumbani. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tukitoka sare au tukifungwa tunashuka kule ambako klabu ndogo kama yetu zikienda hazirudi. Mji mzima ulikuwa roho mkononi.

Baikie akashinda sarafu. Akamtazama Innes, na Innes akanyoosha kidole kuelekea baharini. Tuteremke kwanza! Jamani, nilijimwagia chai ya moto mkononi. Ukutani kulichafuka.

"Innes Tulloch!" Wattie alinguruma. "Umerogwa? Baba yako angekuwepo angekuzaba kibao!"

"Tazama mpira, Wattie!"

"Nitautazama vipi, na kipindi cha pili umeupeleka kanisani?"

Tuliteremka kipindi kizima na hatukupata kitu. Mapumziko Wattie alikuja dirishani kwangu akakataa pai, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Mle chumbani mwa wachezaji, Baikie anasimulia, Innes aliongea kidogo tu: "Vijana wale wamezoea uwanja tambarare. Wamepanda mpaka miguu imekwisha. Sasa waacheni washuke. Ukishuka umechoka, huna breki."

Na kweli hawakuwa nazo. Kila pasi yao ndefu ilipitiliza, ikavuka goli, ikaruka ukuta, ikaangukia ufukweni, na wazee wetu ndio waliolazimika kuufuata mpira mchangani. Dakika za mwisho, bado ni bila kwa bila, mpira mmoja ukaruka tena, na zamu ilikuwa ya Wattie. Akapanda ukuta huku akitukana, akashukia upande wa pili. Kipa wetu hakumngoja. Alichukua mpira wa akiba, akaupiga juu kabisa mlimani, Baikie akaurukia, akaupachika wavuni kwa kichwa.

Wattie aliporudi ukutani, viatu vimelowa, mpira kwapani, alikuta watu wazima wamekumbatiana wanalia. Akauliza, "Kuna nini?" Mmoja akamnyooshea kidole kule juu, kanisani.

Tulibaki kwenye ligi. Mji ulicheza mpaka asubuhi. Lakini Wattie alimfuata Innes getini, akamwambia, "Miaka yote nasimama pale. Goli lililotuokoa limefungwa mimi nikiwa nimeshika mpira mwingine. Umeninyima goli langu." Tangu siku hiyo kumtukana kutoka ukutani anamtukana, tena kwa sauti, ila kuongea naye hapana. Meza yao ya domino pale baa ilibaki na kiti kitupu kila Ijumaa. Kiangazi kile klabu kubwa ilimpigia simu Innes, mshahara wa maana, naye akatia ngumu. Effie aliniambia sababu: hakuwa tayari kuondoka mjini Wattie akiwa bado amemnunia. Mtu aliyesimama mbele ya uwanja mzima uliomzomea bila kupepesa macho, hilo moja lilimkosesha usingizi, na sisi tuliomzoea tuliliona.

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Akasema saa anayo, na koti analo.

Basi Jumanne, nikiwa napangusa kaunta, Wattie akatokea dirishani, kofia mkononi.

"Senga, ni wewe unayeandika habari za yule mwehu?"

"Ni mimi."

"Andika hivi. Kuna nafasi ukutani, kati yangu na mlingoti wa bendera. Tumekubaliana ni yake." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Akithubutu kutaja ile sarafu, namtupa baharini. Lakini lile goli nataka anisimulie. Lote. Asiruke kitu."

Innes, kwa niaba ya wachezaji wote uliowakoromea na mashabiki wote uliowatia presha, ahsante sana, ndugu yetu. Ulitupa ujana wako na goti lako, na klabu hii ingali ipo. Upumzike vizuri, ule pai zako ukiwa umekaa, na Effie apate hatimaye kulichoma moto hilo koti. Siku njema nyingi, wewe na nyumba yako.

Ila leo filimbi ikilia, usikimbilie chumbani. Teremka mpaka ukutani. Rafiki yako amesogea akupe nafasi, na hajui bado kwamba Baikie alifunga amefumba macho.